Okok Naye Aandikwe: Jinsi Ninavyorekodi Ndege wa Dunga kwa Simu

Mimi ni fundi wa simu, Kondele, hapa Kisumu. Mezani kwangu kuna bisibisi nyembamba kama sindano, taa ya kukuzia, na kopo la simu zilizokufa ambazo nazichinja kwa ajili ya vipuri. Jumamosi alfajiri, kabla sijafungua kibanda, hupanda boda hadi Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria, na nikifika ziwani simu inageuka daftari la ndege. Kuna siku kijana mmoja wa kuuza samaki alinitazama kwa muda nikibonyeza kioo huku nimekodolea macho mafunjo, mwishowe akaniuliza kama nacheza kamari. Nikamwambia nahesabu mnandi. Akaondoka akitikisa kichwa.

Zamani nilikuwa na daftari la kweli. Mvua ya Aprili ilinikuta katikati ya maji, wino ukayeyuka, na orodha za miezi saba zikawa doa la samawati. Hapo ndipo nikahamia programu inayoitwa eBird. Inaendeshwa na maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, imekuwepo tangu 2002, na haina malipo. Unachokiandika hakibaki kwako tu: watafiti hukitumia kujua ndege gani yuko wapi, mwezi gani, na kama anapungua. Kwa hiyo kuna namna ya kuandika ambayo inafaa, na namna ambayo ni kujaza tu nafasi kwenye kompyuta ya watu.

Usiku wa Ijumaa

Andaa simu ukiwa bado nyumbani. Pakua programu, fungua akaunti, uingie mara moja ukiwa na mtandao, kwa sababu kule ziwani si mahali pa kuanza kukumbuka nywila. Kisha nenda kwenye mipangilio, utafute pakiti za maeneo, upakue ya Kenya. Pakiti hiyo ndiyo orodha ya ndege wanaotarajiwa huku kwetu. Ukishakuwa nayo, programu inafanya kazi hata mahali ambapo simu haioni mnara wowote.

Hapa nizungumze kama fundi, maana haya ndiyo nayaona mezani kila wiki.

Watu wengi wanadhani GPS inakula bando. Haili. Simu inapokea tu mawimbi ya setilaiti, na hayo ni bure kama jua. Mimi huiweka simu kwenye hali ya ndege (jina ambalo bado linanichekesha), GPS inaendelea, na betri inarudi nyumbani ikiwa na pumzi. Bila mtandao simu huchelewa kidogo kujua iko wapi, kwa hiyo simama mahali pa wazi dakika mbili tatu kabla ya kuanza, usijifiche chini ya mwembe.

Kitu kinachoharibu zaidi ni kiokoa betri. Simu nyingi za Android zikiona skrini imezimwa huzilaza programu zilizo nyuma ya pazia. Matokeo yake, ukifungua ramani ya matembezi yako unakuta mstari mmoja ulionyooka umepita juu ya mafunjo, kana kwamba wewe ndiye uliyeruka. Ingia mipangilio ya betri, itafute eBird, uiondolee vizuizi. Fanya hivyo mara moja tu na umemaliza.

Tafuta pia mfuko wa nailoni wenye zipu, na kamba ya kuvaa shingoni. Simu ikizama, izime papo hapo, usiijaribu kuiwasha, usiichaji, ilete kwa fundi. Mchele uachie pilau. Nimefungua simu nyingi zilizolazwa ndani ya mchele, na nilichokuta ni kutu pamoja na wanga.

Ukifika

Bonyeza kitufe cha kijani cha kuanza orodha hapo hapo unapoanza kutazama. Usisubiri hadi uone ndege mzuri. Saa inaanza kuhesabu, na ukikubali, njia unayopita inaanza kuchorwa. Muda na umbali vina uzito sawa na majina ya ndege: mtu aliyeona mnandi 10 kwa dakika 15 na mtu aliyeona mnandi 10 kwa saa nne hawajaona kitu kimoja.

Kuandika ni rahisi. Kila jina lina alama ya kuongeza kando yake. Ukiigusa, idadi inapanda kwa mmoja. Mimi napenda njia ya mkato. Kwenye nafasi ya kutafuta unaandika namba, unaacha nafasi, kisha herufi za mwanzo za jina kama programu inavyolijua. Nikiona mdiria watatu wa rangi nyeusi na nyeupe, wale wanaoning'inia hewani juu ya maji kama wamefungwa uzi, naandika 3 pied, na orodha inajifupisha hadi nibaki na wachache wa kuchagua. Kama majina ya Kiingereza yanakuchanganya, unaweza kuiambia programu ionyeshe ya kisayansi. Mwanzoni nilibeba karatasi yenye majina thelathini ya kawaida: jina la kwetu, la Kijaluo, upande mmoja, jina la programu upande wa pili. Otenga ni mwewe, agak ni kunguru, tula ni bundi. Baada ya miezi mitatu karatasi ilichakaa na sikuandika nyingine.

Andika palepale, ndege akiwa bado mbele yako au ndiyo kwanza ametoweka. Ukijiambia utajaza jioni, jioni itakuletea ndege uliowapenda na kuwasahau wengine wote.

Na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa naandika ndege wa heshima tu. Furukombe, ndiyo. Chozi mwenye kifua chekundu, ndiyo. Okok, yule yangeyange mweupe anayetembea na ng'ombe, nilimpita kama mtu anavyompita jirani. Jaduong' mmoja, yaani mzee, mwenye mashua, ambaye ndiye hunipeleka ndani ya ghuba na ambaye macho yake yanamwona ndege kabla darubini yangu haijatoka mfukoni, aliniuliza kwa nini okok hajaandikwa ilhali wamepita zaidi ya ishirini. Nikamjibu kwamba okok kila mtu anamjua. Alipiga kasia mara mbili hivi kabla ya kusema, "Ngege naye kila mtu alimjua."

Kwa msomaji asiye wa huku: hapa Kisumu siku hizi watu huweza kukuuzia samaki wa jamii ya perege na kumwita ngege, lakini wazee wakisema ngege wanamaanisha yule wa asili, Oreochromis esculentus, aliyekuwa samaki wa kila sufuria kando ya ghuba hii. Baadaye wakaletwa mbuta na sato wa Nile, na ngege wa asili akatoweka karibu kabisa katika ziwa lenyewe. Jaduong' alimla utotoni. Mimi nimemwona pichani.

Tangu siku hiyo okok anaandikwa, na agak, na kongoti, yule mzee wa jaa mwenye kifuko shingoni. Mwisho wa orodha eBird itakuuliza swali moja: je, hawa ni ndege wote ulioweza kuwatambua? Swali hili linawatisha watu bure. Halisemi kwamba umetambua kila kilichoruka. Linauliza kama umeandika wote uliowajua, kwa macho na kwa masikio, bila kumwacha mtu kwa makusudi. Ukijibu ndiyo kwa ukweli, basi hata ndege ambaye hayumo kwenye orodha yako anakuwa habari, kwa kuwa mtafiti anaweza kusema: alikuwepo mtu Dunga saa moja nzima, anamjua okok, na hakumwona hata mmoja. Ukiwaruka wa kawaida halafu ukajibu ndiyo, umedanganya. Jibu hapana tu, orodha itapokelewa vilevile.

Kuhesabu bila kuhangaika

Programu inakuruhusu kuweka herufi X badala ya namba, yaani ndege yupo lakini hukuhesabu. Itumie ukizidiwa, ila ujue kadirio lina faida zaidi. Kwa kundi kubwa, hesabu kumi kwanza, angalia hao kumi wanachukua nafasi gani, kisha upime kundi zima kwa kipande hicho. Yangeyange wakirudi kulala jioni hupita kwa mistari, na hao ni rahisi. Kwera ndio watesi: mti mmoja umejaa viota na kelele, wanatoka wanaingia. Hesabu ndege unaowaona kwa mtazamo mmoja, si viota.

Usiyemjua usimbandike jina. Kuna nafasi za ndege asiyetambuliwa ndani ya kundi lake, kwa mfano mbayuwayu fulani tu. Kati ya Oktoba na Machi, wageni kutoka Ulaya wakiwa wamechanganyika na wa hapa, mimi hutumia nafasi hiyo sana na wala sioni haya.

Ipo pia programu ndugu, Merlin, ya kukusaidia kutambua. Inakuuliza ulipo, tarehe, ukubwa wa ndege, rangi zake na alichokuwa anafanya, kisha inakupa orodha ya wanaowezekana. Naipenda kama mshauri, simpi kalamu. Jina likitoka huko nalithibitisha kwa macho yangu kabla sijaliandika.

Yale yaliyonipata kwa kipwe mwekundu

Dunga ina ndege ambaye watu hufunga safari kumtafuta: kipwe wa mafunjo, Laniarius mufumbiri, asiyeishi kwingine ila kwenye vinamasi vya mafunjo vya Afrika Mashariki na jirani zake. Ana binamu, Laniarius erythrogaster, ambaye yuko hata kwenye vichaka vya mtaani. Wote wawili ni weusi juu na wekundu tumboni. Mimi, kwa furaha ya mwanafunzi, niliona sita siku moja na wote nikawaandika wa mafunjo.

Programu iliiwekea alama ile idadi. Nikapuuza, nikatuma. Siku chache baadaye nilipata barua pepe ya adabu kutoka kwa mhakiki, maana kila eneo lina watu wa kujitolea wanaopitia rekodi zisizo za kawaida. Aliuliza mambo mawili: utosi ulikuwa na rangi gani, na je, bawa lilikuwa na mstari mweupe? Nilikaa na simu mkononi kama mtu aliyeulizwa jina la mkwewe. Sikujua. Nilikuwa nimeona wekundu na kelele, basi. Nikawafuta.

Wa mafunjo ana utosi wa manjano na mstari mweupe bawani. Binamu yake ni mweusi kichwani kote na bawa lake halina weupe. Nilimpata wa kweli wiki nyingi baadaye, kwenye kingo ya mafunjo, saa moja kasoro asubuhi, akiwa mmoja. Safari hii kwenye nafasi ya maelezo niliandika: utosi wa njano ulionekana vizuri kwa darubini, mstari mweupe bawani, alikuwa ndani ya mafunjo mita kama kumi na tano kutoka mashuani. Maelezo ya namna hiyo ndiyo yanayotakiwa. Usiandike "nina hakika" au "namjua huyu". Andika ulichokiona kwenye mwili wake. Picha, hata ikiwa imetetemeka, iongeze baadaye kwenye tovuti, na sauti pia.

Kufunga orodha

Ukimaliza, simamisha njia. Narudia: simamisha njia. Niliwahi kusahau, nikapanda boda hadi Kondele, na orodha ikaonyesha kwamba nilitazama ndege kwa kasi ambayo hata mwewe angeiheshimu. Kama limekupata, umbali na muda vyote vinarekebishika kwa mkono kabla ya kutuma na hata baadaye.

Kisha programu itataka kujua ulitazama kwa namna gani. Kama hukusogea zaidi ya mita 30 hivi, ni orodha ya kusimama. Ukitembea au ukiwa mashuani, ni ya mwendo. Kama ulikuwa na shughuli zako, mfano unanunua omena, ukamwona ndege mmoja wa ajabu, ni ya bahati, na hiyo haihesabiwi kama orodha kamili. Kwa ya mwendo kuna jambo ambalo wengi hawalijui: ukienda na kurudi kwa njia ileile, umbali unaoandikwa ni wa kwenda tu. Simu itakuwa imehesabu yote mawili, kwa hiyo ipunguze wewe. Na usifanye orodha moja ya siku nzima. Mimi nafanya moja ya mashuani, nyingine ya ile njia ya mbao inayoingia kwenye kinamasi, saa moja au pungufu kila moja. Zikiwa fupi, ndege anabaki karibu na alama yake kwenye ramani.

Mahali pa kutazamia: kama eneo lina alama ya pamoja kwenye ramani, chagua hiyo badala ya kuunda yako, ili rekodi zako na za wengine zikae chungu kimoja. Nyumbani kwako au shambani kwa watu, tengeneza ya binafsi.

Andika mlikuwa wangapi. Na kama mlikuwa pamoja, mmoja ndiye aandike kisha awagawie wenzake orodha hiyohiyo ndani ya programu. Mkituma kila mtu yake bila kugawiana, wale mnandi kumi na wawili watageuka ishirini na wanne.

Kwenye maelezo ya jumla mimi huongeza hali ya magugu maji. Upepo ukiyasukuma upande wetu, sile-maua wanatembea juu yake kama wako sakafuni. Yakisukumwa upande wa pili wa ghuba, ukumbi unabaki mtupu. Mtu anayesoma orodha zangu mbili za mwezi mmoja bila maelezo hayo atadhani wamekufa.

Tahadhari moja kuhusu tula. Bundi bado anauawa huku kwetu kwa kudhaniwa mjumbe wa mauti. Muweke kwenye orodha, lakini usiandike kiota kiko mti gani, wala usiweke picha inayoonyesha nyumba ya jirani.

Ile nyingine, ya ramani

Mara moja kwa mwezi naiacha eBird na kutumia BirdLasser, programu iliyotengenezwa Afrika Kusini, ambayo hupeleka rekodi kwenye Kenya Bird Map, mradi ambao Makavazi ya Taifa na Nature Kenya ni miongoni mwa wanaouendesha. Atlasi ya kwanza ya ndege wa Kenya ilichapishwa 1989. Hii ni kazi ya kuichora nchi upya.

Huku huhesabu ndege. Nchi imegawanywa vipande vya mraba vya dakika tano za digrii kila upande, karibu kilomita 9 kwa 9, na kazi yako ni kutaja aina zilizomo ndani ya kipande kimoja. Orodha kamili inataka angalau saa mbili za kutafuta kwa bidii, ukijaribu kufikia mazingira yote yaliyomo: ziwa, kinamasi, mashamba, mtaa. Baada ya hapo unaweza kuendelea kuongeza aina mpya hadi siku tano zipite. Mpangilio nao una maana, aliyeonekana kwanza anaandikwa kwanza, kwa hiyo usimngoje furukombe ndiyo umwandike agak aliyekuamsha. Simu inakuonyesha uko kipande gani, na ukivuka mpaka ufungue orodha nyingine. Kwa boda, kuvuka bila kujua ni rahisi mno.

Usiziwashe zote mbili kwa pamoja kama betri yako ni ya zamani. Njoo kwanza nikubadilishie.

Orodha za Jumamosi nazituma nikiwa nimerudi kibandani, mtandao ukiwa umekaa sawa, kabla mteja wa kwanza hajafika. Jumamosi iliyopita zilikuwa mbili: aina 41 mashuani, 23 kwenye njia ya mbao. Okok walikuwa 34. Jaduong' anasema walikuwa 36, na kwa kuwa wawili alionionyesha walikuwa nyuma ya mgongo wangu, nilifungua tena orodha nikarekebisha.